Dk. Denis Burkitt: Tuzo imekufa, ramani yake ya saratani ingali hai

PWANI ya Kilwa na Lindi inayajua mabusha na matende kuliko sehemu nyingi za Tanzania. Kuanzia Kilwa Kivinje hadi Mitwero, katika Manispaa ya Lindi, maradhi hayo yanayoenezwa na mbu si habari ya mbali. Wazee wameishi nayo, na wengine wamezeeka wakiyaficha kwa aibu.

Ni wachache, hata hivyo, wanaojua kwamba ni mabusha yaliyomfundisha daktari mmoja wa Afrika Mashariki kuchora ramani ya ugonjwa. Ufundi huo ndio uliomwezesha, miaka michache baadaye, kuieleza saratani ya watoto ambayo leo inaitwa kwa jina lake duniani kote.

Daktari huyo ni hayati Denis Parsons Burkitt, mzaliwa wa Ireland aliyefanya kazi Uganda kwa takriban miaka 20, na aliyefariki dunia Machi 23, 1993 akiwa na umri wa miaka 82.

Alipata tuzo nyingi uhai wake. Mojawapo, ya mwaka 1982, ilitolewa na taasisi ya utafiti wa saratani iliyofadhiliwa na kampuni ya magari ya General Motors ya Marekani. Tuzo hiyo ilikuwa miongoni mwa zilizokuwa na fedha nyingi katika fani hiyo. Leo haipo tena.

Historia ya mtu huyo na ya tuzo hiyo, zikiwekwa pamoja, zinaonyesha jambo moja: maarifa yaliyookoa watoto wengi yalianza kwa gharama ndogo mno, na yameishi muda mrefu kuliko fedha nyingi zilizokuja kuyapongeza.

Jicho moja

Burkitt alizaliwa Februari 28, 1911 karibu na mji wa Enniskillen, Ireland ya Kaskazini. Baba yake, James Burkitt, alikuwa mhandisi wa wilaya aliyependa ndege. Aliwavisha pete ndogo miguuni ndege wa bustani yake, kisha akachora mipaka ya eneo la kila mmoja. Wataalamu wa ndege wanaikumbuka kazi hiyo hadi sasa. Nyumba aliyokulia Denis, kwa hiyo, ilikuwa nyumba ya ramani.

Akiwa na umri wa miaka 11 alipigwa jiwe katika ugomvi wa watoto wa shule. Miwani yake ilivunjika, na vipande vikalipofua jicho lake la kulia.

Alianza masomo ya uhandisi katika Chuo cha Trinity, Dublin, kama baba yake, lakini akabadili nia na kusomea udaktari, ambao alihitimu mwaka 1935. Miaka mitatu baadaye alifuzu upasuaji mjini Edinburgh.

Alikuwa Mkristo mwenye imani thabiti na alitaka kufanya kazi Afrika. Maombi yake ya kwanza kwa serikali ya kikoloni yalikataliwa kwa sababu ya jicho lake. Vita Kuu ya Pili ilipopamba moto, jeshi la Uingereza halikuwa na nafasi ya kuchagua sana. Mwaka 1941 aliingia kikosi cha madaktari wa jeshi, na katika utumishi huo akafika Kenya na Somalia. Mwaka 1946 alirejea Afrika Mashariki akiwa daktari wa serikali nchini Uganda.

Mabusha ya Lango

Kituo chake cha kwanza kilikuwa Lira, katika wilaya ya Lango. Huko alipasua mabusha mengi kiasi cha kujiuliza yanatoka wapi. Alipoanza kuandika alikozaliwa kila mgonjwa, aligundua kwamba upande wa mashariki wa wilaya ulikuwa na mabusha tele, ilhali upande wa magharibi yalikuwa nadra.

Watu walikuwa wa wilaya moja na waliishi maisha yanayofanana. Tofauti ilikuwa mahali walipoishi, na pamoja na mahali, minyoo inayoenezwa na mbu. Matokeo hayo aliyachapisha mwaka 1951 katika jarida la kitabibu la Lancet.

Hayakumletea umaarufu. Yalimwachia tabia ambayo hakuiacha tena: kila alipoona ugonjwa usioeleweka, hakuuliza tu mgonjwa ana nini, bali pia anatoka wapi.

Mtoto wa Mulago

Alihamishiwa Kampala, katika Hospitali ya Mulago. Mwaka 1957 daktari mwenzake, Hugh Trowell, alimwita atazame mtoto wa kiume wa miaka mitano. Taya za mtoto huyo zilikuwa zimevimba pande zote mbili, juu na chini. Meno yalikuwa yamelegea na uso umeharibika. Haikuwa jipu, wala hapakuwa na ugonjwa wa kitabuni uliofanana na ule.

Wiki chache baadaye, akiwa Jinja, Burkitt alimwona dirishani mtoto mwingine mwenye uso wa namna ile ile. Alipompima alimkuta na uvimbe tumboni pia. Mtoto mmoja angeweza kuwa ajabu tu. Wawili walikuwa swali.

Alirudi Mulago na kufukua majalada. Akakuta kwamba watoto wenye uvimbe wa taya walikuwa mara nyingi na uvimbe kwenye figo, ini, ovari au jicho. Madaktari walikuwa wakiuandika kila uvimbe kama ugonjwa wake. Burkitt alidai kuwa ugonjwa ni mmoja, na mwaka 1958 alichapisha makala yake ya kwanza juu yake nchini Uingereza. Ni wachache walioijali.

Haikuwa kazi ya mtu mmoja. Madaktari wa patholojia wa Kampala, wakiwamo Jack Davies, Gregory O'Conor na baadaye Dennis Wright, ndio waliotazama nyama ya uvimbe kwa darubini. Walionyesha kwamba ni saratani ya chembe za mfumo wa limfu, yaani limfoma.

Barua na gari kuukuu

Swali la mahali likarudi. Wageni kutoka nchi zenye baridi walisema hawajapata kuuona ugonjwa huo. Burkitt akapewa na serikali pauni 25 za utafiti. Alichapisha vipeperushi vyenye picha za wagonjwa, akavituma kwa posta katika hospitali za serikali na za misheni barani Afrika, akiuliza swali moja: je, mmewahi kuwaona watoto kama hawa?

Majibu yalipokuja aliyachomeka kwa pini kwenye ramani ukutani. Pini zikafanya mkanda mpana uliovuka katikati ya Afrika, wenye mkia ulioteremka pwani ya mashariki kuelekea Msumbiji. Pwani ya Kilwa na Lindi iko katika njia ya mkia huo.

Ili kujua ukingo wa mkanda, aliamua kwenda mwenyewe. Alinunua kwa pauni 250 gari aina ya Ford lililokuwa limetumika miaka saba. Oktoba 7, 1961, wiki chache kabla ya Tanganyika kupata uhuru, aliondoka Kampala na madaktari wawili, Ted Williams wa Hospitali ya Kuluva, West Nile, na Clifford Nelson.

Walisafiri wiki 10 na kukata takriban kilomita 16,000 hadi Afrika Kusini na kurudi, wakipita hospitali zaidi ya 50. Kila walipofika waliuliza swali lile lile na kuonyesha picha zile zile. Waliojibu walikuwa madaktari na wauguzi wa hospitali ndogo, ambao wengi wao hawakutajwa katika jarida lolote. Bila kumbukumbu zao ramani isingekuwapo.

Ramani ilionyesha kwamba ugonjwa ulikoma penye baridi na penye ukame. Karibu na ikweta haukuonekana juu ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Kadiri walivyokwenda kusini, mpaka huo ulishuka. Alexander Haddow, wa kituo cha utafiti wa virusi cha Entebbe, alitambua kwamba mpaka huo ulikuwa wa joto. Ugonjwa haukustawi mahali ambapo joto lilishuka chini ya nyuzi 16, wala mahali ambapo mvua ya mwaka haikufika sentimita 50.

Hayo ni mazingira ya mbu. Burkitt akadhani kwamba kuna kirusi kinachobebwa na mbu. Ramani yake ilikuwa sahihi, ila tafsiri yake ya kwanza haikuwa sahihi yote.

Kirusi na malaria

Machi 1961, akiwa likizo London, Burkitt alitoa mhadhara katika Hospitali ya Middlesex. Miongoni mwa waliosikiliza alikuwa Anthony Epstein, mtafiti wa virusi. Wawili hao walikubaliana kwamba vipande vya uvimbe vipelekwe London kwa ndege kutoka Kampala.

Kwa zaidi ya miaka miwili hakuna kilichopatikana. Mwishoni mwa 1963 ukungu ulilazimisha ndege moja kutua Manchester, na kipande kilipofika maabara kilikuwa kwenye maji yaliyochafuka. Wengine wangekitupa. Kumbe ukungu wa maji yale ulikuwa chembe hai za saratani zinazoelea, na ndizo zilizokubali kukua. Mwaka 1964 Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr walitangaza kukiona ndani yake kirusi kipya, ambacho sasa kinaitwa Epstein-Barr. Kilikuwa kirusi cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu.

Lakini kirusi hicho hakibebwi na mbu. Huenea kwa mate, na watu wengi duniani wanacho bila kudhurika. Gilbert Dalldorf alikuwa ametaja malaria, na mwaka 1969 Burkitt mwenyewe aliandika upya maelezo yake. Mbu anahusika, lakini kwa njia ya malaria: mtoto anayeugua malaria mara kwa mara kinga yake huvurugika, na kirusi hupata mwanya.

Ushahidi wake ulitoka pia Unguja na Pemba, visiwa ambavyo viko katika joto na mvua ile ile ya pwani, lakini ambako malaria ilikuwa imedhibitiwa na saratani hiyo haikuonekana.

Jaribio kubwa la kupima wazo hilo lilifanyika baadaye Tanzania, katika wilaya ya North Mara, kuanzia mwaka 1977, ambako watoto walipewa klorokwini. Idadi ya wagonjwa ilipungua, ila kupungua huko kulikuwa kumeanza kabla ya dawa kugawiwa, hivyo jibu halikuwa la mkato. Hata hivyo, uhusiano wa malaria na saratani hiyo unakubaliwa na wataalamu.

Dawa

Kutambua ugonjwa ni nusu ya kazi. Mulago wakati huo haikuwa na mashine ya mionzi, na kisu hakikufaa kwa uvimbe uliotapakaa mwilini. Burkitt, ambaye upasuaji ndio ulikuwa kazi yake, aliweka kisu chini na kujaribu dawa.

Hapa ndipo fedha za magari zilipoingia kwa mara ya kwanza. Taasisi ya Sloan-Kettering ya New York ilianzishwa mwaka 1945 kwa ufadhili na jitihada za wakuu wawili wa General Motors, Alfred Sloan na mhandisi Charles Kettering. Watafiti wake, Joseph Burchenal na Herbert Oettgen, walishirikiana na Peter Clifford wa Nairobi na Burkitt wa Kampala kujaribu dawa kama methotrexate na cyclophosphamide.

Matokeo yaliwashangaza. Uvimbe uliokuwa umefunika uso uliyeyuka ndani ya siku chache. Baadhi ya watoto walipewa dozi moja au mbili tu, kwa kuwa dawa ilikuwa haba au wazazi waliondoka mapema, nao wakapona kabisa. Wakati huo madaktari wengi duniani walidhani dawa zinaweza kuchelewesha saratani tu. Watoto wa Afrika Mashariki walikuwa miongoni mwa waliothibitisha kwamba zinaweza kuiponya.

Mwaka 1967 kituo maalumu cha tiba ya limfoma kilifunguliwa Kampala, ambacho kilikua na kuwa Taasisi ya Saratani ya Uganda. Mwaka 1972 Burkitt, Burchenal, John Ziegler wa kituo hicho na Mkameruni Anomah Ngu walikuwa miongoni mwa waliopewa Tuzo ya Lasker kwa tiba ya saratani kwa dawa.

Fedha za magari

Mwaka 1978 General Motors ilianzisha taasisi ya kutuza utafiti wa saratani, na mwaka uliofuata tuzo za kwanza zikatolewa. Zilikuwa tatu, na zilichukua majina ya watu wa kampuni hiyo. Ya Kettering ilikuwa ya utambuzi na tiba, ya Charles Mott ilikuwa ya chanzo na kinga, na ya Sloan ilikuwa ya sayansi ya msingi. Kila moja ilianza na dola 100,000 za Marekani, na baadaye ikafika 250,000.

Orodha ya waliopata ile ya Kettering inagusa hospitali za Tanzania hadi leo. Barnett Rosenberg, aliyeipata mwaka 1984, ndiye aliyegundua uwezo wa cisplatin, dawa inayotumika pamoja na mionzi dhidi ya saratani ya mlango wa kizazi, saratani inayoongoza kwa wanawake nchini. Angela Brodie, aliyeipata mwaka 2005, alifungua njia ya kundi la dawa za saratani ya matiti.

Burkitt alitunukiwa mwaka 1982, na tuzo aliyopewa ni ya Mott, ya chanzo na kinga. Wakati huo alikuwa amekwisha kurudi Uingereza, alikohamia mwaka 1966. Akiwa na Trowell, alikuwa akieneza wazo jingine lililotokana na vijiji vya Uganda: kwamba vyakula visivyokobolewa, vyenye nyuzinyuzi nyingi, huwakinga watu na maradhi ya utumbo yaliyowajaa watu wa Ulaya na Marekani. Sehemu ya madai yake hayo ilipingwa na wengine, lakini ushauri wa kula nyuzinyuzi umebaki katika miongozo ya lishe.

Tuzo ya Kettering ilitolewa kwa mara ya mwisho mwaka 2005. General Motors ilikuwa ikipata hasara ya mabilioni ya dola, na Juni 2009 iliomba kinga ya mahakama kwa kufilisika. Kampuni iliokolewa na serikali ya Marekani na ikaendelea kuunda magari, lakini tuzo hizo hazikurudi.

Si haki kuibeza tuzo hiyo. Kwa zaidi ya miaka 25 iliwapa watafiti heshima na fedha za kuendeleza kazi. Lakini fedha za kampuni hufuata hali ya biashara, na biashara ikidorora, hukatwa kwanza kile kisichouzwa. Utafiti wa maradhi ya watoto maskini, ambao hawana cha kununua, ukitegemea mfadhili wa namna hiyo peke yake, hauna uhakika wa kesho.

Pwani ya Lindi

Ramani ya Burkitt haikufilisika. Pwani ya Lindi ina joto mwaka mzima, mvua yake inapita kipimo alichokiweka, na malaria haijaisha. Kwa mzazi wa Mitwero, Kilwa Masoko au Rondo, dalili alizoziandika mwaka 1958 ni zile zile: taya inayovimba haraka, meno yanayolegea bila kuoza, jicho linalotokeza, au tumbo linalojaa kwa siku chache.

Haraka hiyo ndiyo hatari yake, kwa kuwa saratani hii ni miongoni mwa zinazokua kwa kasi kuliko zote. Ndiyo pia tumaini lake, maana chembe zinazogawanyika kwa kasi ndizo zinazouawa kwa urahisi na dawa. Katika nchi tajiri karibu watoto tisa kati ya kumi hupona. Katika hospitali nyingi za Afrika wanaopona ni pungufu sana, na sababu kubwa ni kuchelewa kufika na kukatiza matibabu.

Kwa mtoto wa Lindi, tiba kamili humaanisha safari ya mamia ya kilomita hadi Dar es Salaam, ambako huduma ya saratani za watoto ilihamishwa mwaka 2011 kutoka Taasisi ya Ocean Road kwenda Hospitali ya Taifa ya Muhimbili. Safari hiyo haianzi mpaka mtu wa zahanati ya kijijini atambue kwamba uvimbe ule si jino bovu. Meno yakingolewa na dawa za jipu zikatolewa wiki baada ya wiki, nafasi ya kupona hupita.

Burkitt alizikwa Bisley, nchini Uingereza. Alikuwa na jicho moja, pauni 25, vipeperushi vya posta na gari kuukuu, na alisaidiwa na watumishi wa hospitali za mbali waliokubali kutazama picha na kujibu swali. Tuzo iliyompongeza ilihitaji kampuni kubwa ya magari, nayo imekoma. Kutazama uso wa mtoto kwa makini na kuuliza anatoka wapi kunawezekana hata leo katika zahanati ya Mitwero, bila mfadhili yeyote.